Ng'ombe kala kofia ya bwana harusi iliyokuwa kwenye kanji, na ana mimba. Nifanyeje?

MshonaViua, Gando

Assalamu aleikum jamani. Naandika mikono bado inanitetemeka.

Nina ng'ombe mmoja jike, wa kienyeji aliyechanganyika kidogo na wa maziwa. Tunamwita Kidoti kwa ajili ya doa jeupe la kwenye paji. Ana mimba ya miezi saba na nimeshaacha kumkama ili apumzike. Kazi yangu nyingine ni kushona kofia za viua kwa mkono. Kofia ndizo zinazotulisha, na Kidoti ndiye anayetutoa kwenye madaftari ya skuli na mengineyo.

Jana laasiri nilikuwa na mabeseni mawili uani, yote ya buluu, nimeyanunua siku moja kwa mchuuzi mmoja. Moja lina chakula cha Kidoti: machicha ya nazi mbili nilizokuna kwa mchuzi, pumba za mpunga, maganda ya muhogo niliyoyaanika tangu juzi, chumvi kidogo na maji niliyooshea mchele. La pili lina kanji. Kanji napika mwenyewe kwa unga wa muhogo, nyepesi, naiacha ipoe, kisha naitumbukiza kofia ikae inywe sawasawa kabla sijaivisha bakuli ikauke na umbo lake. Mabeseni yote nikayafunika nyungo, maana kuku wangu hawana adabu.

Ndani ya ile kanji mlikuwa na kofia ya kijana anayeoa Ijumaa ya wiki ijayo. Miezi minne nimeishona. Kaniagizia mamake, na arubuni nimeshapokea na nimeshaitumia.

Magharibi ikakaribia, jirani yangu akapiga hodi. Tukazungumza mlangoni, mazungumzo yakarefuka kama kawaida yetu. Niliporudi uani kiza kimeanza kuingia. Nikachukua beseni, nikampelekea Kidoti, nikamsikia anafyonza kwa raha. Nikarudi, nikakunja mikono ya nguo, nikaingiza mkono kwenye beseni lililobaki niikamue kofia.

Nikatoa konzi la machicha.

Nilisimama nimelikamata, maji yananitiririka mpaka kwenye kiwiko, nalitazama tu. Mwanangu wa miaka sita ndiye aliyesema: "Mama, Kidoti kavaa kofia mdomoni."

Nilitoka mbio. Ukingo wa kofia ulikuwa umetokeza upande wa kulia wa mdomo, kanji na ute vinadondoka pamoja, naye anatafuna polepole kama bibi mwenye tambuu, macho kayafumba nusu. Nikaukamata ukingo nikavuta. Naye akavuta. Jirani akanishika kiuno akavuta, mtoto akamshika jirani kanga. Mara uzi ukalia *tas*, tukaanguka sote watatu juu ya majani ya ng'ombe, na mimi mkononi nimebaki na mkanda wa kuzunguka kichwa, karibu mzima. Kile kipande cha juu cha duara kakimeza nikimwona. Jirani kacheka mpaka kalia. Mimi nililia bila kucheka.

Sasa nauliza. Kitambaa kile kitamdhuru yeye au kilichomo tumboni? Kanji kainywa yote, yapata lita mbili. Hapa mtaani naambiwa nimnyweshe chupa nzima ya mafuta ya nazi kitambaa kiteleze, nami naogopa. Na kwa mnaoshona: mkanda uliotoka kinywani mwa ng'ombe unaweza kusafishika ukapata kipande kipya cha juu?

Mzee wa Mifugo, Chake Chake

Wa aleikum salaam mwanangu. Kabla ya yote, nenda kahesabu sindano zako. Sasa hivi, halafu ndio uendelee kusoma.

Kitambaa chenyewe hakinitishi. Kama ni cha pamba, pamba ni mmea, na vijidudu vya tumbo kuu huimaliza polepole kama vinavyomaliza majani makavu. Uzi wa nailoni hausagiki, lakini ule wa kofia moja ni kidogo. Wanaokufa kwa nguo na plastiki ni wale wanaookota kila siku mpaka tumboni panakuwa na bonge.

Sindano ni jambo jingine. Ng'ombe hana meno ya mbele ya juu. Anazungusha ulimi, anavuta, anameza, kisha baadaye ndio anacheua. Hachambui kwa midomo kama mbuzi, kwa hiyo chuma kikiwemo kinakwenda nacho. Chuma huzama kwenye tumbo la pili, lile dogo lenye sura ya sega la nyuki, na tumbo hilo limekaa mbele kabisa, kati yake na moyo kuna kiwambo tu na nafasi ndogo. Mimba ikikua inasukuma matumbo, na sindano inapata nguvu ya kutoboa. Ukiona kasusa chakula ghafla, anaguna akilala au akiinuka, kakunja mgongo, viwiko vya mbele kavitanua, au hataki kuteremka mteremko, usingoje kesho. Mwite daktari wa mifugo. Wanayo sumaku anayomezeshwa ng'ombe, inakaa humo humo tumboni na kukishika chuma kisitembee.

Mafuta usimnyweshe kwa chupa. Yakikosea njia yanaingia mapafuni, na hapo utakuwa umeleta maradhi ambayo hayakuwepo.

Kanji: wanga mwingi kwa mpigo huchachua tumbo, ila lita mbili nyepesi si kitu kwa ng'ombe mkubwa. Kesho punguza pumba, zidisha majani. Mwangalie kama anacheua na kama kinyesi kinatoka. Ubavu wa kushoto, nyuma ya mbavu ya mwisho, kuna kishimo. Kandamiza ngumi yako hapo utulie. Tumbo lenye afya hukusukuma mara moja au mbili kwa dakika. Kishimo kikijaa kikawa kama ngoma, kimbilia daktari.

Mfugaji_Makunduchi

Pole sana dada. Naongeza moja tu. Huyu wako kapewa kofia, hakuitafuta, na kanji ya muhogo inanukia chakula. Lakini kama ana tabia ya kutafuna kanga kwenye kamba, kulamba kuta au kuguguna mifupa, basi anakosa madini, hasa chumvi na fosforasi. Wangu alimaliza mashati mawili ya mwanangu na nusu ya taulo kabla sijaelewa. Nikamfungia jiwe la chumvi bandani, nguo zikapona.

Na machicha mpe siku ile ile uliyokuna nazi. Yakilala kwenye joto letu yanachacha na kufanya uvundo.

Bi Ukuti, Wete mjini

Shoga yangu, machozi yamenitoka, na si ya kucheka. Miezi minne! Watu wanaiona kofia kichwani kwa mtu Ijumaa, hawakijui kiua kimoja kimoja, kila kitundu unakitoboa kwanza ndio ukizungushie uzi.

Mkanda usiuchemshe. Moto utayafungia yale madoa ndani. Uloweke maji baridi usiku kucha, asubuhi sabuni ya kipande na ndimu, uanike juani, urudie. Ukitoka mweupe ndio uupige kanji.

Kipande cha juu tusaidiane. Niandikie pembeni unionyeshe ua lako. Mimi nikianza katikati nikatoka nje kwa duara, nawe ukitengeneza mkanda, na binti yangu akishika usiku, siku hizi tulizonazo zinatosha kama hatulali sana. Lakini mwambie mama wa kijana leo leo. Asije akasikia kwa watu sokoni.

MshonaViua, Gando

Shikamoo mzee wangu. Ulivyosema nihesabu sindano, roho ilinishuka. Ninazo tano. Nikakuta nne.

Tulitafuta kwa tochi mpaka saa 4 usiku. Tumekung'uta mkeka, tumefumua mto, nimelala kifudifudi bandani napapasa chini ya kihori kwa vidole, Kidoti ananipulizia shingoni. Mwisho mtoto akasema anachomwa mguuni. Ilikuwa kwenye pindo la suruali yake ya skuli niliyoipindia asubuhi, na alikuwa kaivaa kutwa nzima. Nimemkumbatia yeye na suruali yake. Wallahi sijawahi kuipenda sindano kama ile.

Kidoti hajawahi kula nguo, Makunduchi, ila jiwe la chumvi nitamtafutia.

Kwa mama wa kijana nimekwenda mwenyewe asubuhi, mkanda nimeufunga kwenye leso. Nikamweleza kila kitu barazani kwake, mpaka ile ya kuanguka. Neno lake la kwanza: "Ng'ombe mzima?" Nikamwambia mzima. Ndipo akajiziba mdomo kwa ukaya, mabega yakaanza kumcheza, akacheka mpaka akashika nguzo. Kisha akaushika mkanda akaugeuza huku na huku, akasema anautaka huo huo, asishonewe mwingine, mwanawe avae kofia yenye habari yake. Kaniambia pia nisimwambie bwana harusi mpaka akad ipite.

Bi Ukuti, picha ya ua nimekutumia. Mungu akulipe.

MshonaViua, Gando (siku sita baadaye)

Mkanda umetoka mweupe baada ya maji matatu. Kuna mahali pawili penye alama ya kutafunwa, nimepashonea viua vidogo vya kuzidishia na hapaonekani ila kwa mwenye kujua. Kipande cha juu kililetwa jana kwa gari la Gando, kimefungwa kwenye gazeti na karatasi ya biskuti, na leo kimeshaungwa. Kofia iko kwenye bakuli, bakuli liko juu ya kabati, na kabati liko chumbani. Beseni la kanji nimenunua jipya, jekundu.

Kidoti anakula, anacheua, kinyesi ni cha kawaida. Kila magharibi nampelekea machicha yake, nakandamiza ngumi pale kwenye kishimo, nahesabu. Leo kanisukuma mara mbili, halafu akageuza kichwa akaanza kuninusa kanga.