Tupeane uzoefu: gemu ngumu ya aina usiyoipenda, lakini ikakuteka

Mleta mada
Wakuu, salamu. Gemu za mapanga sikuwahi kuzipenda. Nimezoea za kujenga miji na kupanga majeshi, zile unazozisimamisha ukafikiri kwanza. Sekiro niliigusa kwa ajili ya sifa zake. Ilitoka 2019 na mwaka huohuo ikabeba tuzo ya gemu bora ya The Game Awards. Haina pa kuchagua ugumu. Unaicheza ilivyo.

Genichiro, adui mkubwa wa juu ya ngome ya Ashina, alinikalisha jioni nne. Mbinu yangu ilikuwa kumpiga mara mbili, kurudi nyuma nipumue, kisha kumrudia. Jioni ya tano ndipo nikautazama vizuri ule mstari wa juu unaoonyesha anavyopoteza uthabiti. Kila nikirudi nyuma, unashuka! Kumbe mapumziko yangu ndiyo yaliyokuwa yanampa nafuu yeye.

Nikaacha kukimbia. Nikabaki palepale mbele yake, napangua kila pigo. Ukipangua kwa wakati wake, cheche zinaruka na mlio unakuwa mkali kuliko ukikinga tu, kwa hiyo nikaanza kucheza kwa masikio. Akinichoma kwa upanga, namsogelea naukanyaga. Akileta radi, naruka inikute hewani, kisha namrudishia kabla miguu haijagusa chini. Alipoanguka viganja vyangu vilikuwa vimelowa jasho, na nikatamani kurudia pambano lilelile. Hesabu ninazozipenda kwenye gemu za majeshi zilikuwamo humo muda wote, ila unapewa nusu sekunde kuzifanya.

Nani mwingine yamemkuta?

Mdau wa 2
Mimi ni Celeste ya 2018. Gemu za kurukaruka nilikuwa nazichukia kwa jambo moja: ukikosea unarudishwa mbali. Hii ukifa unaanzia mwanzo wa chumba hichohicho, papo hapo, hata hasira haipati nafasi. Rangi ya nywele za Madeline, msichana unayemchezesha, ndiyo inayokuambia hali: nyekundu, bado una mruko wa kasi, bluu, umeshautumia. Nilikufa zaidi ya mara 1,000 na kila kifo nilijua nimekosea wapi. Ina pia sehemu ya msaada ya kupunguza kasi ya gemu. Niliitumia kwenye vyumba viwili na siioni kuwa aibu. Bila hiyo ningeishia njiani.

Mdau wa 3
Mimi ni Elden Ring, kwa yule adui mkubwa wa mwanzoni, Margit. Nimejaribu kwa moyo wote, sijaipenda. Nawasoma tu hapa.

Mdau wa 4
Mleta mada, mimi ni kinyume chako. Nilikuwa mtu wa bunduki na mbio, gemu za zamu zinanipa usingizi. Into the Breach ikanibadilisha. Uwanja ni miraba 8 kwa 8, una mashine tatu za kulinda majengo, na adui, ambao ni wadudu wakubwa, wanakuonyesha kabisa watapiga wapi. Kwa hiyo ukipoteza jengo, huna wa kumlaumu. Kuna zamu nilikaa karibu dakika 20 nikitafuta namna ya kumsukuma mdudu mmoja mraba mmoja tu, ili pigo lake limwangukie mwenzake. Nilipoipata nilisimama kwenye kiti.

Mleta mada
Mdau wa 4, hiyo naishusha leo. Mdau wa 3, kwa Margit unakwepa kwa kurudi nyuma au kwa kumwingia? Yule huwa anachelewesha fimbo makusudi ili ukwepe mapema. Jaribu kungoja mkono wake ushuke ndipo ubonyeze, halafu utuletee majibu.