Tupeane uzoefu: taa ya oili iliwaka kwenye pikapu yako, tatizo ulilikuta wapi?

Mwanzisha mada (Njombe)

Wakuu, habari za wakati huu. Nina Hilux yenye injini ya 5L, kazi yake ni viazi na mbolea. Mwezi uliopita narudi kutoka Dar na mifuko 20 ya mbolea, katikati ya Kitonga ile taa nyekundu ya birika, ya presha ya oili, ikaanza kupepesa. Wanaoijua Kitonga wanajua kusimama pale si mchezo, malori yako nyuma yako. Nikasogea kwenye kona yenye nafasi, nikazima, nikachomoa dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili: oili ipo, katikati ya alama mbili. Nikaacha ipoe, nikawasha, taa ikazimika. Nikafika nyumbani taratibu.

Fundi wa kwanza akaniwekea oili nzito, 20W-50. Taa ikanyamaza siku nne, ikarudi. Wa pili akasikiliza dakika moja tu, akasema metali zimekwisha, zile beringi za shafti kuu ya injini, injini ifunguliwe yote. Bei aliyotaja sikulala.

Wa tatu, mzee mmoja, aligoma kushika spana kabla ya kupima. Akafungua swichi ya oili (inayowasha ile taa) ubavuni mwa injini, akafunga geji ya mkono kwenye tundu lile lile. Injini ikiwa ya moto, silensa, yaani inanguruma tu bila kukanyaga mafuta, presha ya oili ilisoma psi 14. Akaniambia nikanyage hadi rpm 3000 (mizunguko ya injini kwa dakika) nishikilie. Mshale ukapanda 45, halafu nikiwa bado nimekanyaga ukaanza kushuka, 35, 28, 20. Mzee akasema, "Metali zikiisha ukikanyaga presha inapanda na kukaa. Hii inapanda kisha inaishiwa. Pampu inanyonya, haipati."

Tulipodondosha sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, nilikuta chujio la kunyonyea limezibwa na silikoni, nyuzi nyuzi kama tambi, nyingine nene kama kidole cha mtoto. Miezi kadhaa nyuma gereji moja ilibadilisha gasketi ya sampo, wakapaka silikoni bila kipimo, iliyozidi ikabanwa ndani. Ukikata kona au kupanda mlima inasombwa hadi kwenye chujio.

Tumesafisha, tumeweka gasketi mpya ya bomba la kunyonyea, tumeangalia metali mbili za chini, ni nzima. Sasa hivi ya moto: silensa 22, rpm 3000 inakaa 52. Gharama haikufika robo ya ile ya kufungua injini.

Nawaomba wenye visa vyenu mviweke hapa, na mtaje injini.

Mdau wa Maua, Meru

Mimi nimeendesha pikapu za miraa miaka mingi, Maua hadi Nairobi, na miraa haingoji. Yangu ilikuwa 2KD, ile D4D ya 2.5. Hapo shida si silikoni, ni zile washa za shaba chini ya injekta (nozo za kunyunyizia dizeli). Zikichoka, moshi wa mwako unapenya unaingia kwenye oili na kuifanya masizi. Asubuhi ikiwa baridi ilikuwa inatoa mlio wa chu-chu-chu juu ya injini, mimi nikapuuza. Oili mpya ilikuwa inageuka nyeusi tititi na nzito kabla hata ya wiki kuisha.

Taa iliwaka siku moja karibu na Embu. Nikasema nifikishe mzigo kwanza. Sikufika Sagana, injini ikaanza kugonga. Kufungua sampo, chujio limejaa kaboni ngumu kama makaa. Krenki, ile shafti kuu, ilibidi ikachongwe na metali za saizi kubwa ziwekwe. Ndugu zangu wenye 1KD na 2KD, hizo washa ni pesa kidogo sana. Badilisheni, na mkishafanya hivyo teremsheni sampo muone chujio, kwa sababu uchafu wa zamani hauondoki wenyewe.

Mama wa Morogoro

Mimi si fundi, ni mwenye gari. Nilimpa kijana pikapu aniletee hesabu kila jioni. Injini ikanoki, akaapa taa haikuwaka hata mara moja. Na kweli haikuwaka: waya wa swichi ya oili ulikuwa umechomolewa na kufungwa vizuri na selotepu nyeusi pembeni. Taa ilikuwa inamsumbua, akainyamazisha. Hadi leo nikikumbuka nasikia uchungu, ile gari ndiyo ilikuwa inasomesha watoto.

Sasa kila asubuhi kabla gari haijatoka nafungua swichi ya ufunguo mwenyewe bila kuwasha injini. Taa ya birika lazima iwake. Isipowaka, gari haliendi popote. Wanaonunua gari la mkononi nao wafanye hivyo kabla ya kutoa hela.

Mdau (Dodoma)

Yangu ilikuwa swichi tu. Oili ilikuwa inavujia hadi kwenye plagi ya waya. Mpya, dakika kumi, kwisha.

Mwanzisha mada

Mkuu wa Dodoma, ulipima na geji baada ya kubadilisha? Mimi naogopa sana kuhukumu swichi bila geji.

Mama, pole sana. Hilo la kufungua swichi ya ufunguo asubuhi nimelichukua.

Fundi wa dizeli (Mbeya)

Mzee wa Njombe alifanya kazi safi. Naongeza machache. Manyuali ya hizi injini za L za zamani, kama 5L, inaruhusu silensa ya moto ishuke hadi psi 4 na kitu, rpm 3000 inataka 36 kwenda juu. Kwa hiyo geji ikisoma ndogo kwenye silensa msikimbilie kufungua injini, angalieni juu, yaani rpm 3000, inafanya nini. Ikiwa ndogo silensa na juu nayo haifiki, hapo ndipo tunauliza metali, pampu, au vavu ya presha iliyokwama wazi.

Kingine: chomoa dipstiki unuse. Kama kiwango kinapanda badala ya kushuka na inanuka dizeli, nozo zinavuja. Oili imekuwa maji, presha haiwezi kukaa hata ufunge pampu mpya.

Na ukishafunga sampo, usiwashe moja kwa moja. Kwenye 5L chomoa waya wa solenoidi ya pampu ya dizeli ili injini isiwake, piga stata sekunde chache chache hadi geji inyanyuke, ndipo urudishe waya.

Mdau (Dodoma)

Mwanzisha mada, sikupima. Nimerudi leo gereji nikapima: moto, silensa 18, juu 48. Asante kwa kunisukuma.