Kama jicho lina upendeleo wa kinga, mbona seli za retina zinazopandikizwa kwa panya zinakufa?

Binti_Makorora
Habari zenu wakuu. Mdogo wangu ana ugonjwa wa kurithi unaokula retina (ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga), alianza kutoona usiku sasa hata mchana anajigonga milangoni, kwahiyo nasoma kila kitu kuhusu kupandikiza seli za retina. Kinachonichanganya ni hiki, darasani tulifundishwa jicho lina upendeleo, kinga ya mwili hailishambulii ovyo, toka enzi za mtafiti wa kinga Medawar, 1948. Halafu nasoma panya wanawekewa seli, mwezi wa kwanza ziko fresh, miezi inavyoenda zinapotea. Nani anaziua?

Mzee_wa_Darubini
Pole sana dada kwa mdogo wako. Upendeleo upo ila sio ukuta wa zege. Retina inalindwa na kizuizi kinachoitenga na damu, pamoja na zile seli za rangi za nyuma yake zinazomwaga kemikali kama TGF-beta za kutuliza seli T, yani askari wa kinga wanaomtambua mgeni. Sasa wewe unapitisha sindano, unaibandua retina upate nafasi ya kumwaga seli, hapohapo kizuizi kinavuja, maikroglia (walinzi wa kinga wanaokaa ndani ya retina) wanaamka, makrofaji (seli za kinga zinazomeza vitu) wanaingia kutoka kwenye damu, na kwa jicho la mgonjwa hao maikroglia walishaamka siku nyingi maana seli zilikuwa zinakufa humo kila siku. Seli T zenyewe zinakuja taratibu zikishamtambua mgeni, ndo maana hasara inaonekana kwa kuchelewa. Kundi la Robin Ali kule London lilionyesha hilo 2010, panya waliopewa saiklosporini, dawa ya kushusha kinga, walibaki na seli nyingi zaidi miezi minne baada ya kupandikizwa kuliko wasiopewa.

kapipi_lab
Naongezea kidogo, hesabu za zamani za seli zilizobaki zisome kwa makini. 2016 timu kadhaa ziligundua seli iliyopandikizwa inaweza kumgawia jirani yake protini, ikiwemo ile ya kung'aa kijani tunayoitumia kama alama, yani nyingi tulizohesabu kuwa za mgeni zilikuwa za panya mwenyewe zimeazima rangi. Kwahiyo mng'ao ukipotea sio lazima seli imekufa.

Binti_Makorora
Duh, hilo sikulijua, asante. Sasa mdogo wangu akija kupandikizwa atameza dawa za kushusha kinga maisha yake yote?

Mzee_wa_Darubini
Sio lazima. Kundi la Masayo Takahashi kule Kobe, Japani, 2014 lilimpandikiza mama mmoja seli za rangi zilizotengenezwa kutoka ngozi yake mwenyewe, bila dawa hizo. Ila kumtengenezea kila mtu za kwake ni ghali na inachukua muda mrefu, wakajaribu kwa nyani seli za mwingine, wale waliooana nazo kwa MHC (alama za juu ya seli ambazo kinga huzitumia kumjua mgeni) zilikaa bila dawa, ambao hawakuoana zikavamiwa. Usisahau lakini hizo ni seli za rangi, mdogo wako anapoteza zile zinazopokea mwanga na hizo kuziunganisha na retina ni kazi ngumu zaidi. Mmeshapima jeni iliyoharibika ni ipi?

Binti_Makorora
Bado mkuu. Kliniki ni mwezi ujao, nitauliza.