Friji imezima Masasi

*Salum:* Shikamoo Mjomba. Habari za asubuhi nyote. Tumelala Masasi ndani ya Coaster, friji imezima saa 9 usiku. Betri ya pili ya kulisha friji, ile ya ampea-saa 100, tumeinunua juzi tu. Na insulini ya Mama imo ndani ya friji

*Mjomba Fundi:* Marahaba. Insulini kwanza. Nunua barafu utie kwenye ndoo, chupa uizungushie kanga isigusane na barafu. Ikiganda haifai tena

*Shangazi Somoe:* Fanya upesi baba, jua halijapanda

*Salum:* Tayari. Mama kaipakata mwenyewe

*Mjomba Fundi:* Sasa zima kila kitu, ngoja nusu saa, upime betri

*Salum:* Volti 11.8

*Mjomba Fundi:* Imekwisha hiyo. Ikijaa na kutulia inasoma 12.6 hadi 12.7. Ikifika 12.2 ni nusu, na betri ya maji hapo uiache. Ukiizamisha zaidi unaiua

*Salum:* Si imeandikwa 100 Mjomba?

*Mjomba Fundi:* 100 mara volti 12 ni wati-saa 1200. Zako wewe ni nusu, 600. Friji yenu wati ngapi?

*Salum:* 50

*Mjomba Fundi:* Kwa joto hili, hesabu inafanya kazi saa 12 kati ya 24. Hizo ni 600. Siku moja imezimaliza zote, taa bado, simu bado

*Shangazi Somoe:* Na jagi la umeme? Jana walichemsha maji ya chai

*Mjomba Fundi:* Lo! Jagi la wati 1500 kwa dakika 10 ni wati-saa 250. Friji ingetembea saa 5 mfululizo. Chai pikeni kwa gesi, nawaomba. Salum, washa injini upime betri zote mbili

*Salum:* Ya kuwashia gari 14.1. Ya pili 11.9

*Mjomba Fundi:* Basi umeme wa altaneta, ile inayochaji injini ikiwaka, haufiki ya pili. Nipigie picha vichwa vyake

*Salum:* 📷 Picha

*Mjomba Fundi:* Unauona huo unga wa kijani kwenye chanya? Chumvi ya bahari, gari limekaa Mikindani miezi. Zima injini. Fungua hasi kwanza, kisha chanya. Piga msasa mpaka shaba ing'ae, kaza. Hasi irudi mwisho

*Salum:* Nimewasha. Ya pili 13.6, inapanda

*Mjomba Fundi:* Alhamdulillah. Washeni friji, mwende Nachingwea. Betri haitajaa njiani. Mkifika msipaki chini ya mwembe, ile sola ya juu inataka jua tupu

*Salum:* Mama anasema ndoo haiachi mpaka friji ipoe