Naomba ushauri: mkopo wa asilimia 10 kwa kikundi cha ngoma

Habari za jioni wakuu. Niko Mwanza. Tuna kikundi cha vijana kumi na wawili, tunacheza bugobogobo, ile ngoma ya Kisukuma ya majembe, kwenye harusi na sherehe, na Juni tunapanda Bujora, kwenye makumbusho ya Wasukuma, kwa ajili ya Bulabo, sikukuu ya mashindano ya ngoma. Kikundi kimesajiliwa, akaunti ya benki ipo.

Tuliomba mkopo wa asilimia 10, ule unaotoka kwenye mapato ya halmashauri, lile fungu la asilimia 4 la vijana. Majembe ya kuchezea tunayo, tunataka ngoma mbili kubwa, mavazi na spika. Afisa akafungua faili, akauliza, "Mtazalisha nini?" Nikamwambia ngoma. Akalifunga. Akashauri tufuge kuku. Kusema kweli, kuku mimi siwawezi.

Kinachoniuma ni kwamba hela naiona ikizunguka. Tukipiga siku moja, fundi wa kuwamba ngozi kalipwa, mshonaji kalipwa, bodaboda wanabeba watu hadi usiku, na mama wa sato pale kona anamaliza beseni kabla ya saa kumi. Fomu haina pa kuyaandika hayo, inataka idadi ya bidhaa na bei. Nilirudi nimeandika maonyesho kama bidhaa, na barua za wateja wawili. Wapi!

Mliowahi kupata mkopo huu kwa kazi ya sanaa, mchanganuo mliuandikaje? Na je, nijaribu Mfuko wa Utamaduni na Sanaa, au kwa kikundi kisicho na nyumba wala kiwanja cha kuweka dhamana nitapoteza nauli tu?