Ssezibwa au Mabira na watoto tarehe 9? Naombeni ushauri wa haraka

MtuWaPangani:
Habarini wana Kampala. Sikukuu ya Uhuru nataka kuwatoa watoto nje ya mji, wamechoka na ua na katuni. Tunakaa Kireka, nina Premio. Sijui niende maporomoko ya Ssezibwa au msitu wa Mabira. Mvua za vuli zimeanza kwa fujo, kila jioni inashuka. Ile njia ya udongo ya kuingilia Ssezibwa ikoje? Nimesikia imeharibika kabisa. Aliyepita karibuni anijuze, ni muhimu. Watoto ni watatu, mkubwa ana miaka 7.

Dereva_Wandegeya:
Mabira, usijisumbue. Kwanza lami mpaka msituni. Pili, Najjembe, soko la kando ya barabara! Ukipunguza mwendo tu, wale wauzaji wa makoti yenye namba wanakuja mbio kumi kwa mpigo, kuku wa kijiti ameshaingia dirishani hujamaliza kushusha kioo. Chukua paja, na gonja, ndizi ya kuchoma, iliyoiva mpaka ikaungua pembeni. Maini achana nayo.

MtuWaPangani:
Asante kaka. Lakini nimeuliza njia ya Ssezibwa.

Afande_Mstaafu:
Vijana, Mabira si hoteli ya kuku. Ni msitu wa zaidi ya kilomita za mraba 300. Mwaka 2007 ilipotakiwa karibu robo yake ikatwe ipandwe miwa, watu waliingia barabarani hapa Kampala na wengine walikufa. Nyinyi mnapita mnatupa mifupa na kaveera, mifuko ya plastiki. Waingize watoto ndani, lipa kiongozi, waonyeshwe miti na kima. Wavae buti. Baada ya mvua siafu hutembea.

Papa_Kisangani:
Siafu! Msinikumbushe. Shemeji yangu alisimama juu ya mstari wao akipiga picha. Dakika moja tu, suruali chini, mbele ya wakwe. Mpaka leo kwa ile familia wanamwita "Picha".

Bint_Kibuli:
😂 Pole yake. Ndugu Pangani, mbona kila ukijibiwa Mabira unarudi Ssezibwa? Kama njia mbaya usiende, si basi? Na mtakuwa wangapi garini?

MtuWaPangani:
Watano. Sita ukimhesabu bibi yao.

Bint_Kibuli:
Bibi wa upande gani?

MtuWaPangani:
Wa mama yao. Katoka Masaka Jumapili.

Dereva_Wandegeya:
Weee! Mama mkwe Muganda ndani ya Premio? Atakaa wapi, kwenye buti na stepni?

Papa_Kisangani:
Mnieleze, mimi mgeni. Kuna shida gani?

Bint_Kibuli:
Kwa Baganda mwanamume na mama mkwe hawagusani, hawali pamoja, hawabanani. Wazee wanasema ukivunja mikono inaanza kutetemeka. Ndiyo obuko hiyo.

Afande_Mstaafu:
Ni heshima, si uchawi. Mimi wa kwangu nilimsafirisha Gulu hadi Luweero kwa lori la jeshi. Yeye mbele na dereva, mimi nyuma juu ya magunia ya maharage, mvua yote yangu. Kijana, panda boda, mwachie mkeo usukani.

MtuWaPangani:
Mke wangu haendeshi. Kiti si tatizo, tutaweka mtoto katikati. Kwetu Tanga mama mkwe ni mama tu, nikirudi safari namshika mkono.

Dereva_Wandegeya:
Mshike huyu uone.

MamaSwaumu:
Mnajadili kiti wakati mwenzenu ana jambo. Mwanangu Pangani, Ssezibwa ni nani anayeitaka? Sema kweli.

MtuWaPangani:
Haya shangazi. Wale wawili wadogo ni pacha, Wasswa na Kato. Mama anasema toka wazaliwe hawajafika pale kwenye maji, na Ssezibwa yenyewe ni pacha, husimuliwa kuna mwanamke alizaa mito miwili, huo na Bwanda. Anataka wafike wanawe mikono, aache mayai na kahawa kwenye mwamba. Mimi Muislamu. Sikutaka kugombana na mtu mzima, nikamwambia mke wangu tutaenda Mabira kwa sababu njia ya Ssezibwa imekatika. Sikusema nimeiona. Nilisema nimesikia.

Papa_Kisangani:
Kumbe Ssalongo, baba wa pacha! Hongera mzee, na umetuficha.

MamaSwaumu:
Shirki na uongo ni madhambi mawili, wewe umekimbia moja ukaangukia jingine. Mwambie kwa adabu, "Mama, dini yangu hainiruhusu." Atanuna siku tatu atapona.

Bint_Kibuli:
Shangazi, mimi mwenyewe ni pacha, Nakato, na baba yangu alikuwa anaadhini. Bibi alitupeleka Ssezibwa mimi na pacha wangu Babirye tukiwa darasa la pili. Ninachokumbuka ni maji ya baridi kweli, kiatu changu kimoja kikaenda nayo, na viazi vitamu tulivyokula kwenye majani ya mgomba. Nyumbani baba aliuliza, "Mmeshiba?" Basi. Bibi alifariki mwaka uliofuata.

MtuWaPangani:
Pole dada. Lakini Mabira nimeshaahidi. Watoto wameshaambiwa kima.

Mchunguzi_01:
Samahanini, naharibu sherehe. Mwanzo watoto watatu tu, sasa pacha. Mwanzo watano, sasa sita, kesho mtajaza basi. Na mama mkwe wa Masaka akubali gari moja na mkwe, tena kwa hiari yake? Halafu Agosti akaunti hii hii iliomba mchumba humu. Uzi umetungwa.

Dereva_Wandegeya:
Ehe! Ni kweli, nakumbuka. "Asiwe mrefu sana." 😂

MtuWaPangani:
Huyo alikuwa mdogo wangu, tulikuwa tunatumia simu moja. Pacha wako ndani ya wale watatu, hesabu tena. Na mama kwenye gari hajakubali, mke wangu ndiye aliyesema atambembeleza. Sasa hivi mimi niko sebuleni, mama yuko jikoni, pazia limeshushwa, salamu zinapita hapo hapo. Ana mayai tisa kwenye kikapu, kila moja kalizungushia jani kavu la mgomba yasigongane. Mkubwa wangu kavunja moja asubuhi. Nikamtuma dukani, mama kalirudisha, anataka la kienyeji. Sasa mke wangu anazunguka Kireka nzima kutafuta yai. Hiyo ningeitunga vipi?

Mchunguzi_01:
Ya yai nimeikubali. Ya mdogo wako bado.

Afande_Mstaafu:
Mama kahesabu mayai tisa na wewe unamsubirisha kwa "nimesikia". Jeshini habari ya kusikia haikubaliki.

Dereva_Wandegeya:
Jamani nilisahau kazi yangu. Jana nimepeleka wageni Ssezibwa. Unakata kabla ya Lugazi, njia imechongwa upya, changarawe imekauka, hata Vitz inapita. Picha hii hapa.

MtuWaPangani:
Dereva nakuomba ufute hiyo.

Dereva_Wandegeya:
Nifute nini? Si umeuliza mwenyewe, mara mbili?

Papa_Kisangani:
Sasa bibi anakaa mbele ao nyuma?