Kuta za ndani za nyumba ya mbao Shanzu: jipsam, mbao au plasta?

Kibaraza_Shanzu
Salaam aleikum jamani. Nyumba ni ya mbao, vyumba viwili, si mbali na bahari. Fremu ni saiprasi ya inchi 4 kwa 2, nguzo zimeachana futi 2. Nje pameshapigwa mbao, ndani bado ni fremu tupu. Fundi mmoja ataka jipsam, mwengine plasta ya simiti juu ya waya wa kuku, wa tatu asema mbao na vanishi basi. Chumba kimoja kitatiwa esi (kiyoyozi), jikoni ni gesi. Hesabu nipigieni ya chumba kimoja: mita 4 kwa 3.5, ukuta mita 2.4 kwenda juu, mlango mmoja, madirisha mawili ya 1.2 kwa 1.2. Naomba vipimo, si majina ya vitu tu.

Randa_na_Patasi
Plasta ya simiti iondoe akilini. Mbao hutanuka na kunywea kila msimu, simiti haijongei. Ufa huanza kwenye pembe za madirisha, kisha vipande vyabambuka, na waya wenyewe waliwa na chumvi. Watu huona kuta za Mji wa Kale wa Mombasa wakadhani ni kitu kimoja. Kule chini ya chokaa kuna mawe ya matumbawe.

Chumba kisicho na esi, piga mbao zenye ulimi na mfereji (ulimi wa mmoja huingia mferejini mwa mwenziwe), unene milimita 12 au zaidi. Lakini usizipige siku zilipoletwa. Hewa ya hapa mara nyingi ina unyevu wa asilimia 75 hadi 80, na mbao iliyoizoea hubaki na maji kama asilimia 14 hadi 16. Iliyotoka kwenye tanuri la kukaushia ina 10 hadi 12, itavimba. Mbichi ya yadi ina 25 au zaidi, itanywea mpaka ulimi utoke mferejini. Hiyo afadhali usinunue. Zipange mumo humo chumbani, vijiti vya inchi moja kati ya safu na safu, wiki tatu.

Kwa nini nasisitiza: ubao wa milimita 90 unyevu wake ukibadilika kwa asilimia 4 husogea karibu milimita 1. Ukuta wa mita 4 una mbao 44. Hizo ni kama sentimita 4 zatafuta pa kwenda, na zikikosa, ukuta wafura tumbo. Kwa hivyo acha milimita 1 kwenye kila kiungo na milimita 10 kwenye kona, ufiche kwa ukanda. Msumari mmoja tu kwenye ulimi kila penye fremu, ili upande wa pili uteleze. Ukizisimamisha wima, tangulia kupiga mikanda ya inchi 2 kwa 1 ya kulala kila sentimita 60. Misumari iwe ya zinki. Ya kawaida hutoa machozi meusi.

Hesabu: mzunguko mita 15 mara 2.4 ni 36. Toa mlango 1.9 na madirisha 2.9, zabaki mita za mraba 31.2. Kila moja yala mita 11.1 za ubao. Pamoja na asilimia 10 ya vipande ni mita 380, karibu futi 1,250. Vanishi mikono mitatu (yaani upake mara tatu), lita kama 9.5. Wa kwanza uzimue kwa tapentaini asilimia 10. Ongeza lita 3 za kupaka migongo kabla ya kupigilia: ubao uliopakwa uso tu hupinda.

Baridi_Kidogo
Chumba cha esi kina mambo yake, na hapo ndipo mafundi wengi hukosea. Wataweka nailoni nyuma ya ubao wa ndani "kuzuia unyevu". Hiyo ni kanuni ya nchi za baridi, ambako unyevu hutoka ndani kwenda nje. Kwetu safari ni kinyume. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 75 huanza kutoa maji ikigusa kitu cha nyuzi 25. Esi ikiwa 22, mgongo wa nailoni walowa kila siku nawe huoni, mpaka harufu ya ukungu ikutane nawe mlangoni. Karatasi za ukutani za plastiki, paneli za PVC na rangi ya mafuta hufanya vivyo hivyo.

Humo tia jipsam ya kijani, ile ihimiliyo unyevu, milimita 12.5, karatasi 12 za mita 1.2 kwa 2.4. Ipunguze chini, iachane na sakafu milimita 10. Skrubu kila sentimita 25, za zinki. Zile nyeusi za kawaida hutoa kutu kupitia pati, ile ya kuzibia viungo na vichwa vya skrubu. Viungo vitie utepe wa wavu. Rangi iwe ya maji. Kabla ya kufunga, ziba kwa silikoni nyufa za kandokando ya madirisha na matundu ya nyaya, na esi uiweke 25 au 26.

Kibaraza_Shanzu
Shukran sana. Na mchwa? Nimeambiwa nipake fremu oili chafu. Halafu mke wangu ataka sebule ya mbao iwe nyeupe.

Randa_na_Patasi
Oili chafu ndani ya nyumba hapana. Itanuka, rangi haitashika, na yawaka. Tumia dawa ya unga ya chumvi za boroni: kilo 1 kwa lita 9 za maji, mikono miwili kwenye fremu, ikauke kabla ya kufunika. Huoshwa na mvua, kwa hivyo ni ya ndani tu. Mchwa hupanda kutoka ardhini, basi ukanda wa chini ufunge kwa skrubu, uweze kuufungua uangalie njia za udongo.

Nyeupe yawezekana, ila kila kifundo kipake shelaki (aina ya vanishi ya kuzibia utomvu) mara mbili kwanza, la sivyo utomvu utapenya na kuacha madoa ya manjano.

Baridi_Kidogo
Jikoni, nyuma ya jiko la gesi: bodi ya simiti ya milimita 12 na vigae kwa gundi inayonyumbulika. Kona ya vigae na meza ijaze silikoni, si grauti (ile simiti ya kujazia kati ya vigae), maana grauti itapasuka.